Kuhani alikuwa anawahi wapi?

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii nimekwama kwenye Luka 10, ule mfano wa Msamaria mwema, pale kuhani na Mlawi wanampita kando mtu aliyeumizwa na wanyang'anyi. Nilishajua ntaandika nini, wale jamaa roho mbaya tu, basi. Sasa nkakutana na hoja ya profesa mmoja wa falsafa Marekani, John Doris, kwenye kitabu chake cha 2002, anasema ule wema tunaodhani umetukaa ndani kama mfupa mara nyingi unategemea vitu vidogo vidogo vya siku hiyo, na mfano mmoja anaotumia umenichoma kweli maana unatuhusu sisi wa kanisani.

Ni jaribio la wanasaikolojia wawili, Darley na Batson, lilitoka 1973. Wanafunzi wa theolojia pale Princeton, 40, mmoja mmoja anaambiwa aende jengo la pili akatoe hotuba fupi, wengine mada yao ndo huyuhuyu Msamaria mwema, na njiani wameshamweka mtu kajikunja mlangoni, kichwa chini, macho kafumba, anakohoa na kuguna. Walioambiwa "umeshachelewa, wanakusubiri" walosimama kumsaidia ni asilimia 10 tu, wasio na haraka asilimia 63. Mada haikuleta tofauti ya maana jamani, yani kuna walomruka yule mtu wakaenda kuongelea Msamaria 😔

Doris anaona tusijivunie sana tabia. Mi hapo namfuata nusu, maana watafiti wenyewe waliandika kwamba baadhi ya waliopita walifika huko wanahangaika, hawajatulia. Kwa hiyo huruma ilikuwepo, ila miguu ilishapewa amri na saa. Aristotle, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, naye alishasema mtu anakuwa mwema kwa kuyatenda ya wema mpaka ayazoee, na kuzoea huko hakuji siku ya hotuba. Halafu angalieni, Luka anasema Msamaria alikuwa "katika kusafiri kwake", naye alikuwa na safari!

Niseme tu ukweli. Jumapili iliyopita nachelewa mazoezi ya kwaya, pale stendi bibi mmoja mfuko umempasukia, nyanya zimetapakaa mpaka kwenye mtaro, akanitazama, mi nkaziruka mbili tatu na kitabu cha nyimbo kwapani, nkasema moyoni atasaidiwa na hawa vijana wa bodaboda. Nafika kanisani natweta, mpiga kinanda hajafika, tukakaa dakika 40 tunapiga stori.