Nilivyowapatanisha Zuhura na Baraka katika riwaya yangu ya likizo

Nilipoanza kuandika riwaya yangu ya mapenzi ya kuchekesha, kitu cha kwanza nilichokitafuta ni ugomvi. Mahasimu watakaokuja kupendana lazima wawe na kisa cha maana, kisa ambacho msomaji akikisikia atasema, "Hata mimi ningemnunia." Nilikipata harusini. Zuhura ni mpishi wa shughuli, Dar es Salaam. Baraka ni MC. Pilau limechelewa, naye Baraka kashika maiki anawatangazia wageni kwamba ng'ombe bado anatafutwa. Ukumbi mzima unaangua kicheko. Wiki hiyohiyo Zuhura anaanza kupoteza wateja.

Kisha nikawapeleka likizo Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Bibi harusi yuleyule, roho ikimsuta, ndiye aliyewalipia wote wawili nyumba moja ya wageni, na hakumwambia yeyote kuwa mwenzake yumo. Sikutaka wakutane kwa bahati tu. Msomaji akilazimishwa kuamini bahati mapema, huanza kuishuku hadithi nzima.

Hadithi nyingi za aina hii hutegemea hoteli iliyojaa na wahasimu kulazimika kulala chumba kimoja. Hilo nililikataa. Mwenye nyumba niliyemuumba mimi ni mama wa Jambiani, na hawezi kumpa mwanamume na mwanamke wasiooana ufunguo mmoja. Nikawapa varanda mbili zinazotazamana, na silaha nikawapa kanga. Zuhura anaanika ya kwanza: "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake", maandishi yakimtazama jirani. Baraka ni mtu wa maneno, atanyamazaje? Anapanda daladala hadi mjini, anazunguka maduka ya Darajani kutafuta jibu. Basi kila asubuhi kamba ina jina jipya, yaani msemo mpya wa kanga, na wageni wengine wanatoka na vikombe vyao vya chai kuja kusoma. Sehemu hii niliiandika kwa raha kuliko zote, maana vichekesho vyake vilikuwepo tayari kwetu, mama zetu wamepigana vita hivi miaka nenda rudi. Na kwa kuwa kanga huuzwa kwa doti, kila jibu la Baraka linamwachia kipande cha pili asichokuwa na kazi nacho. Vipande hivyo nilimwekea.

Palipokuwa pagumu ni moyo kugeuka. Hapo aliyenifundisha ni Jane Austen, mwandishi wa riwaya wa Uingereza. Katika Pride and Prejudice, kitabu cha mwaka 1813, Elizabeth yuko matembezini na mjomba wake na mkewe huko Derbyshire wanapofika nyumbani kwa Darcy, mtu asiyempenda. Msimamizi wa nyumba, mama aliyemjua Darcy tangu akiwa na miaka minne, anamsifu Darcy kwa wema mbele ya Elizabeth. Darcy mwenyewe wakati huo hayupo. Nikaona nguvu ya jambo hilo: sifa haitoki kwa anayetaka kupendwa, inatoka kwa mtu asiye na cha kupata. Kwangu msemaji huyo ni Bi Mwaka, mkulima wa mwani. Wanawake wa Jambiani huingia baharini maji yakipwa, wakafunga mwani kwenye kamba zilizokazwa kwa vigingi. Bi Mwaka anamwambia Zuhura kwamba kuna kijana humbebea gunia lake la mwani mbichi hadi nchi kavu, na huwa hasemi neno. Zuhura anauliza ni kijana gani. Anaonyeshwa.

Lakini kusikia sifa za mtu hakutoshi, lazima wakae pamoja, na hapo nilitumia bahari. Wanakwenda matembezi Ghuba ya Menai, kusini-magharibi mwa kisiwa, mashua inatia nanga kwenye fungu la mchanga. Ni siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, na siku hizo huku kwetu maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi. Mashua inapwelewa saa mbili, kwa hiyo haitaelea tena hadi karibu saa sita. Niliandika sura hizo nikiwa na jedwali la maji mezani, kwa sababu msomaji wa pwani angenikamata mara moja. Nahodha analala. Jua linachoma. Baraka anafungua mfuko wake, anatoa vile vipande vya kanga na kumtengenezea Zuhura kivuli, matusi yote ya wiki nzima yakipepea juu ya kichwa chake.

Chini ya kivuli hicho anamwomba radhi, na nilihakikisha anaomba vizuri: anaitaja harusi, anataja maneno aliyoyasema, anakiri kwamba kicheko chake kilimnyang'anya mtu riziki. Zuhura hamjibu kwa neno la mapenzi. Anamkatia chapati.

Sura ya mwisho ni harusi yao, na kila aliyeusoma muswada aliniuliza nani alipika. Zuhura hakupika, nilimkatalia kabisa asikaribie jiko. Alikaa kama bibi harusi yeyote, na pilau lilipochelewa, MC wa siku hiyo alimtazama Baraka, akaiweka maiki chini.