Vikoba 40, msimbo mmoja: proksi ilivyonitoa jasho

Daah hii kitu imenila siku mbili nzima. Nilikua natengeneza mfumo wa vikoba kwenye Ethereum, ule mtandao wa blockchain, kila kikundi kiwe na kontrakti yake (programu inayokaa kwenye mtandao huo), michango yake, mikopo yake. Mwanzo kila kikundi kikija napandisha kontrakti nzima, msimbo ni ule ule hata nukta haijabadilika, baiti kama 9,000, na Ethereum inakutoza gesi, yaani kipimo cha ada ya mtandao, 200 kwa kila baiti ya msimbo, piga hesabu, 1,800,000 hapo hujaweka 32,000 za kufungua kontrakti yenyewe. Zidisha kwa vikundi 40, nikasema hapana.

Ndo jamaa mmoja akaniambia tumia proksi ndogo, yaani kontrakti fupi inayopitisha maombi kwa nyingine, ile ya EIP-1167, pendekezo la kiwango cha Ethereum la 2018. Unapandisha kontrakti moja iwe kiolezo, halafu kila kikundi unakipa kloni ya baiti 45, ndio, 45, na 20 kati ya hizo ni anwani ya kiolezo. Kloni ikipokea ombi inalipeleka kwa kiolezo kwa delegatecall, yaani msimbo wa kiolezo unatumika ila kumbukumbu ni za kloni, basi. Yaani ni kama katibu mmoja anayezungukia vikoba vyote vya mtaa, ujuzi wa hesabu ni wake ila anaandika kwenye daftari la kikundi alichokaa nacho, akiondoka daftari linabaki kwao.

Sasa mimi hilo nililielewa mdomoni tu. Nimepandisha Sepolia, mtandao wa majaribio wa Ethereum, nikazaa kloni ya kwanza, najaribu kuongeza mwanachama inanigomea, eti wewe sio mwenyekiti. Nabadilisha waleti (pochi ya kidijitali ninayotumia kutuma maombi), wapi! Saa tano usiku nikaamua kuiuliza mwenyekiti ni nani, ikarudisha 0x halafu sifuri 40. Mwenyekiti hayupo kabisa. Kumbe nilimuandika kwenye konstrakta, kipande cha msimbo cha kuanzisha kontrakti, na konstrakta ilishafanya kazi mara moja siku ya kupandisha kiolezo, ikaandika kwenye daftari la kiolezo, kloni haina habari.

Dawa ni kuhamishia kila kitu kwenye fankisheni (kipande cha msimbo unachokiita kwa jina) ya initialize inayokubali kuitwa mara moja tu, na uiite kwenye muamala ule ule unaozaa kloni, ukichelewa mtu anakuwahi anakua mwenyekiti yeye. Na kiolezo chenyewe ukifunge pia, usidharau hii, Novemba 2017 waleti za kampuni ya Parity zilikua zinategemea kontrakti moja ya pamoja, mtu akajifanya mmiliki wake akaiua, waleti 587 zikabaki zinamuita marehemu na ether, sarafu ya Ethereum, zaidi ya 513,000 ndani.

Kloni sasa zinazaliwa vizuri. Ila hazibadiliki, anwani ya kiolezo imechomelewa humo. Juzi kikundi kimoja wameomba faini ya wachelewaji, mimi sikuiweka, kwahiyo nimeandika kiolezo cha pili na nawafungulia kloni mpya. Bado tuko kwenye hela za majaribio, afadhali. Mweka hazina wao kaniuliza kama daftari la zamani nalo litahama, nikamwambia mama hilo tutaliandika upya.