Banda la kuku, wiki ya tano: mlango umekubali kufunga

Umefunga. Nimeusukuma kwa kidole kimoja, komeo likaingia kwenye tundu lake bila kuinua wala kupiga teke. Nimeufungua na kuufunga labda mara ishirini, mpaka mke wangu akaja uani kuuliza kuna nini. Kati ya wiki tano za kazi hii, tatu zimeliwa na mlango mmoja wa upana wa sentimita 75 na kimo cha 150.

Banda lenyewe ni mita 2.4 kwa 1.8, la kuku 20 wa kienyeji, limeinuliwa sentimita 60 kutoka chini. Tuko Morogoro, na masika hii haitanii. Mbao zote ni mabaki ya ujenzi wa nyumba: za inchi moja kwa nane zilizofungia zege la lenta (ule mkanda wa juu ya milango na madirisha), mirunda minane, na vipande vya mbili kwa nne vilivyosalia baada ya kenchi, yaani fremu ya paa. Nilichonunua ni wavu, bawaba, skrubu na misumari tu.

Zile za kenchi zina dawa ya kijani, na hapo sikubaliani na wanaozitumia popote. Dawa ile ina shaba, kromi na aseniki, na kuku hudonoa kila kilicho mbele yake. Nimeziweka kwenye paa na fremu ya nje pekee. Fito za kulalia nimechonga kutoka mbao za lenta, kingo nikazizungusha kwa randa ili miguu ikae vizuri. Vipande vya dawa vilivyokatika nimevifungia kwenye kiroba. Haviingii jikoni hata kwa kuwashia mkaa.

Sasa mlango. Fremu niliitoa kwenye moja kwa nane iliyopasuliwa katikati, chini mbao, juu wavu, na mbao ya mshazari kutoka kona hadi kona ili usilegee. Siku niliyouning'iniza ulikaa sawa kabisa. Siku ya pili, kona ya upande wa komeo ilikuwa imeshuka milimita 12 na inaburuza kizingiti.

Nikaona ni bawaba. Nikatoa zile ndogo, nikaweka ndefu za geti. Ukashuka tena. Nikaona ni nguzo, nikaning'iniza timazi: nguzo imesimama wima. Basi nikaranda ukingo wa chini. Mvua ikanyesha usiku, mbao zikavimba, ukagoma. Nikaranda tena. Jua lilipotoka na mbao kukauka, pale chini palikuwa na mwanya wa kuingiza vidole vitatu. Kwangu hilo ni jambo zito, kwa sababu kicheche akishapitisha kichwa, mwili unafuata, na mwaka juzi nilipoteza kuku saba kwa usiku mmoja kwa tundu lisilozidi hapo. Nilikaa juu ya ndoo nikiutazama mlango ule kwa hasira ya kweli.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja seremala wa mtaani kwetu, alipita kuazima msumeno. Nikamwamkia, akaitikia, akautazama mlango bila kuugusa. "Mwanangu, hii mbao yako ya mshazari inavuta. Haibebi."

Alipoondoka nikaushusha, nikapima ulalo wa pande zote mbili, kona hadi kona. Mmoja sentimita 166.6, mwingine 168.8, na uliorefuka ni ule ule wenye mbao! Niliipigilia kutoka kona ya juu ya bawaba kwenda kona ya chini ya komeo. Uzito wa mlango ulikuwa unaivuta mbao hiyo kwa urefu wake, na kilichoishikilia ni misumari minne tu. Nilipoing'oa, misumari ilikuwa imepinda na matundu yake yamerefuka kama mboni ya mbuzi.

Njia sahihi ni kinyume chake: mguu wa mshazari ukae kona ya chini ya bawaba, kichwa kielekee kona ya juu ya komeo. Hapo mlango ukitaka kushuka unaikandamiza mbao kwenye kona, na msonobari hata ukiwa mkuukuu unahimili kukandamizwa. Kazi inatoka kwenye misumari inakwenda kwenye mbao.

Nikaulaza mlango kwenye sakafu ya veranda. Nikafunga kamba kwenye ulalo uliorefuka, nikaisokota kwa kipande cha nondo polepole mpaka pande zote mbili zikasoma 167.7. Mbao mpya niliikata ikiwa ndefu kwa nusu sentimita, kisha nikaipunguza kwa patasi, unyuzi kwa unyuzi, nikijaribu kila mara, hadi ikaingia kwa kugongwa kidogo na nyundo. Ikabana hata kabla ya skrubu. Kisha nikaacha nafasi ya milimita 6 pande zote kwa ajili ya mvua.

Niseme na hili la skrubu: kwa ukuta, msumari unatosha na ni nafuu. Kwa kitu chochote kinachocheza, skrubu, hasa kwenye mbao iliyokwisha kutobolewa mara mbili tatu. Na msumeno wa mkono bado ni bora kuliko kufunga diski ya meno kwenye grinda. Grinda ikikutana na msumari uliojificha ndani ya mbao ya lenta inaruka, na mkono uko karibu mno. Ila usikate kabla ya kukwangua saruji kwa tindo na brashi ya waya. Sikufanya hivyo siku ya kwanza, na jioni nzima ikaishia kwenye tupa nikirudisha meno ya msumeno.

Wiki hii ilikuwa ya viota vitano vya sentimita 30 kwa 30. Havijaanza. Nilipokuwa natafuta nondo nikakuta kipande cha bati, na sasa nakikunja kuwa trei ya kuchomoa chini ya fito za kulalia, ili mavi ya usiku yatoke kwa mvuto mmoja bila kuingia ndani na jembe. Nitayalundika miezi miwili mitatu yapoe kabla ya kuyapeleka kwenye tuta la mchicha. Mitetea wana miezi mitatu tu. Kutaga bado sana, viota vinasubiri. Jumamosi wanapata tone la chanjo ya kideri jichoni, halafu wanahamia.

Mvua imenyesha tangu saa mbili usiku. Nimetoka na tochi kupima: ile nafasi ya milimita 6 imekuwa 4. Komeo limeingia.