Neno moja kwenye meza ya cherehani

Mimi ni fundi cherehani, Mwanjelwa hapa Mbeya. Kwa miaka sita mfululizo nilikuwa nafungua mwaka kwa orodha ya malengo. Orodha ya mwisho ilikuwa na mambo tisa: kuweka akiba ya elfu tatu kila siku, kusoma Biblia yote, kununua mashine ya ovaloku, kupandisha ukuta wa nyumba Iwambi, kupunguza sukari, na mengine ambayo siyakumbuki tena. Wiki ya tatu ya Januari sikujua hata daftari lenyewe nimeliweka wapi. Wenzangu wa kazi hii wanaujua mwezi huo. Shule zinafunguliwa, wazazi wanafika alfajiri na vitambaa vya sare, na kila mtoto anatakiwa darasani Jumatatu. Mtu ameandika malengo ametoka mkesha, moyo umejaa, halafu siku chache baadaye anaingia kwenye mwezi ambao hapati hata muda wa kunywa chai.

Dada yangu anayeishi Kihesa, Iringa, ndiye aliyeniambia kwenye simu kwamba ameacha malengo. Amechagua neno moja tu la kumwongoza mwaka mzima, na kila anapotaka kuamua jambo analiuliza lile neno. Halikunishangaza sana. Tumelelewa Rungwe, ambako Wamoravian, wamisionari wa Kanisa la Moravian, walifika mwaka 1891, na babu yetu hakuwahi kutoka nyumbani asubuhi bila kusoma neno la siku. Wamoravian wana kitabu kinachochapwa kila mwaka tangu 1731, chenye mstari kwa kila siku, na mistari hiyo hupatikana kwa kura kule Herrnhut, Ujerumani. Babu alikuwa akienda shambani anaurudia mstari wake taratibu, na jioni tukimwuliza bado anao. Kwa hiyo kutembea na neno nilikuwa nimeshakuona. Tofauti ni kwamba la babu alipewa, langu ilibidi nilitafute.

Kulitafuta kulinichukua karibu wiki mbili. Niliandika Neema, Amani, Nidhamu, Mafanikio. Kila moja nilikaa nalo siku mbili nikiwa kazini, nione kama litaniambia chochote. Mteja amesimama mlangoni anadai gauni lake la harusi ya kesho, mimi neno langu ni Amani. Nifanye nini nalo? Ni neno zuri, nalipenda mpaka leo, ila halikunionyesha nishike nini kwanza.

Siku moja nilikuwa natafuta zipu chini ya meza nikavuta lile gunia la viporo. Nilimwaga chini nikahesabu: nguo 14. Gauni lisilo na zipu, suruali isiyo na pindo, shati limebaki vifungo tu. Wengine walishachoka kuja kuuliza. Nilikaa chini palepale sakafuni na neno likaja lenyewe: Maliza.

Ushauri wangu kwa anayetaka kujaribu uko hapo. Tafuta kitenzi. Kwa Kiswahili kitenzi kikisimama peke yake kinakuwa amri, na amri inakukuta ukiwa na mkasi mkononi.

Nililiandika kwa chaki ya kitambaa pembeni ya meza. Vitambaa vikipita vinalifuta, kwa hiyo kila asubuhi nikawa naliandika upya kabla ya kukanyaga mashine. Nadhani hilo ndilo lililoniokoa, maana karatasi ya ukutani ukiizoea huioni tena.

Mwanzoni nililielewa vibaya. Februari na Machi nilikuwa nashona hadi saa nane usiku ili nimalize kila kilichoingia. Nikakata suruali ya mtu kinyume, nikamlipa kitambaa chake, na nikalia. Hapo ndipo nilipoona kwamba viporo vyangu vilikuwa vinaanzia mdomoni. Mteja akisema, "Dada fundi, Ijumaa nitaipata?" mimi najibu, "Utaipata," hata kama nina kazi ya wiki mbili mbele. Nikajifunza kusema, "Ijumaa haitawezekana, mama. Njoo Jumatano ijayo." Wachache waliondoka na vitambaa vyao, na iliniuma. Wengi walibaki, kwa sababu Jumatano walikuta nguo imepigwa pasi.

Nyumba ya Iwambi sikuimaliza. Huku kwetu tofali zinafyatuliwa na kuchomwa kiangazi, mvua za Novemba zikianza hakuna tena. Msingi wangu ulikuwa umeota majani tangu 2019. Nikalipunguza neno hadi likatoshea mfukoni: chumba kimoja, hadi lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, kabla ya mvua. Oktoba kilifika lenta. Akiba ya kila siku ilinishinda, sukari pia.

Nguo ya mwisho kwenye gunia ilikuwa kitenge cha mama. Nilimwahidi gauni la Pasaka, na Pasaka tatu zikapita. Hakuwahi kunikumbusha hata mara moja. Nililishona Agosti kwa vipimo vilivyokuwa kwenye daftari langu la zamani, nikaweka na lesi shingoni, nikapanda kosta ya Tukuyu. Mama alilivaa mbele yangu likamwagika mabegani. Amekonda. Kila Jumapili tunaongea kwa simu, ananiambia yuko salama, na mimi naishia hapo. Nilikaa naye barazani nikalibana kwa sindano ya mkono, kiunoni na kwapani, yeye akiwa ameshika taa kwa sababu giza lilikuwa limeingia, na nilipomaliza nikamwuliza anakula nini siku hizi. Alikaa kimya kidogo, kisha akaanza kunieleza, na tulikaa hapo hadi usiku mwingi.

Mwaka huu neno kwenye meza ni Uliza. Wateja wote wa zamani nawapima upya, hata anayesema vipimo vyake ninavyo. Na Jumapili nikimpigia mama, akisema yuko salama, nauliza tena.