Fumbo la Njiti 18

Usiku mmoja wa Ramadhani, katika miaka ya tisini, baada ya sala ya tarawehe, mjomba wangu alitandika mkeka barazani kwake Ngamiani, mjini Tanga, akamwaga njiti za kiberiti zilizokwisha kuwashwa na kuzipanga mpaka zikawa mlinganyo: 6 + 4 = 4. Alikuwa amefundisha hesabu katika shule za msingi kwa miaka mingi, na sharti lake lilikuwa moja tu: tuhamishe njiti moja, tusiongeze wala tusipunguze, hesabu iwe sahihi.

Sisi watoto tuliziinamia tarakimu. Binamu yangu alitangulia; alichomoa njiti iliyolala katikati ya 6, akaisimamisha juu upande wa kulia, ikawa 0, na 0 + 4 ni 4. Tulishangilia. Mjomba alizirudisha njiti mahali pake, kisha akaniuliza, "Je, mjomba, alama nayo haikuundwa kwa njiti?"

Swali lile ndilo roho ya mchezo huu, kwa sababu mtu aliyezoea hesabu za daftari huziona namba kuwa ndizo zinazobadilika na alama kuwa amri isiyoguswa, ilhali pale mkekani alama ya kujumlisha ilikuwa njiti mbili zilizopishana, na ukiiondoa iliyosimama inabaki alama ya kutoa. Niliichukua ile iliyosimama, nikazibia nafasi pekee iliyokuwa wazi katika 6: ikawa 8 − 4 = 4.

Mkaza mjomba, aliyekuwa akitugawia uji wa pilipili manga, aliweka sinia chini. Aliiondoa njiti ya chini kushoto ya 6, ikabaki 5, akailaza juu ya 4 ya mwisho, iliyokuwa na mdomo wazi: 5 + 4 = 9. Hapo ukazuka ubishi wa kweli. Binamu yangu alishikilia kwamba 9 hujengwa kwa njiti sita, ikiwamo ya kitako, na ile ilikuwa na tano. Mama yake akamjibu kuwa baba yake mwenyewe ubaoni huiandika 9 yenye mguu ulionyooka. Mjomba alizihesabu njiti zote, akakuta 18, idadi ileile ya mwanzo na ya majibu mawili yaliyotangulia, akaamua kwamba jibu ni halali, maana hakuna aliyetaja umbo la 9 kabla ya kuanza. Kwangu mimi hukumu ile ilikuwa ya haki kabisa. Tangu usiku huo ikawa kanuni barazani kwake kwamba anayetega fumbo apange kwanza tarakimu zote kumi, kuanzia 0 hadi 9, ili kila mtu aone maumbo yake, kazi inayotaka njiti 49 ikiwa 9 ina kitako, na 48 ikiwa haina.