Kalazwa kwa mguu, kumbe mwili unadai pombe

Msimu wa korosho ukifika huku Newala, mkoani Mtwara, mabibo, yaani matunda ya mkorosho, hayaozi bure. Yanakamuliwa yanakuwa uraka, pombe ya kienyeji, na wengine huupika wakapata gongo, pombe kali. Sisi wauguzi wa wodi ya wanaume tunaujua msimu kwa namna yetu: mtu analazwa kwa henia au mguu uliovunjika, siku ya tatu anaanza kufukuza wadudu wasiokuwepo.

Mmoja alianguka na bodaboda. Mguu ukafungwa plasta ngumu, POP. Kesho yake akatetemeka, wakampima malaria, hana. Nilipoingia zamu ya usiku uliofuata nilimkuta amelowa jasho, mapigo ya moyo 124, kikombe cha uji hawezi kukishika, anajibizana na watu ambao hawapo.

Mkewe akaninong'oneza, "Sista, haya mashetani ya kwao. Tupeni ruhusa tumpeleke kwa mganga."

Sikubishana. Nikamvuta pembeni: "Mama, mara ya mwisho kunywa ilikuwa lini? Asubuhi huwa anazimua, anakunywa kidogo kuondoa uchovu wa pombe ya jana?" Ukiuliza "anakunywa?" utajibiwa hapana, hasa wakwe wakiwa karibu. Akasema kila alfajiri, hata uso hajanawa.

Ikaeleweka: mwili uliozoea pombe kila siku ulikuwa umeikosa ghafla. Kutetemeka huanza saa chache baada ya pombe kukatika, degedege mara nyingi ndani ya saa 48, na kuchanganyikiwa huku kunakoweza kuua huja kati ya saa 48 na 96.

Daktari wa zamu alikagua kwanza kichwa, maana ajali ni ajali, kisha akapima sukari. Klopromazini, dawa ya magonjwa ya akili iliyokuwa imeandaliwa, akaikataa, kwani huweza kuchochea degedege. Akamchoma diazepamu, dawa ya kutuliza, miligramu 10 mshipani, polepole, akarudia mpaka mgonjwa akatulia. Mimi nikihesabu pumzi. Vitamini B1 ilitangulia dripu ya sukari, kwa sababu sukari humaliza ile vitamini kidogo iliyobaki mwilini na ubongo ukaumia. Kumfunga kamba tulikataa. Taa ikabaki inawaka, mkewe akakaa kitandani akimwita jina.

Dozi ya diazepamu ilipunguzwa siku hadi siku, akarudi kuwa mtu wa utani. Siku ya kuruhusiwa mama akaniuliza, akirudia kunywa amfungie ndani mpaka aache? Nikamwambia hapana mama, kukatiwa pombe ghafla ndiko kulikomfanya hivi, mlete kwetu aachie hapa, na njiani mwambie dereva aende taratibu.