Badala ya Macho

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno la juma hili ni Hesabu 10:29-33. Mwenye nafasi aendelee mpaka sura ya 11, mstari wa 17, kwa sababu nitafika huko.

Naandika nikiwa katikati ya maboksi. Hili ni juma la tisa tangu tuhame kutoka upande mmoja wa nchi kwenda upande wa pili, baada ya mume wangu kuhamishwa kikazi, na bado yapo maboksi matano ambayo hakuna aliyeyagusa. Tumeshazoea kuyakwepa tunapopita.

Kabla ya kuhama tulifunga na kuomba. Wazee wa kanisa walituwekea mikono, na wote wawili, mimi na mume wangu, tulipata amani kwamba Mungu yumo katika safari hii. Amani hiyo sijaipoteza. Nilichokosea ni kudhani kwamba, kwa kuwa Mungu yumo, basi tukifika mambo yatajipanga yenyewe. Hayakujipanga. Mtoto wetu mdogo, aliyekuwa ameshaacha kukojoa kitandani, alianza tena. Wa kati kila jioni ananiuliza, "Mama, tunarudi nyumbani lini?" Mkubwa, mwenye miaka 14, haulizi chochote. Anakula, anaosha chombo chake, anaingia chumbani. Huyo ndiye anayenikosesha usingizi.

Na mimi mwenyewe? Nilikotoka niliongoza maombi ya akina mama kwa miaka mingi. Huku, Jumapili ya kwanza niliketi benchi la mwisho, na ibada ilipokwisha watu wakasalimiana kwa furaha kupita pembeni yangu. Hakuna aliyenikosea; hawakunijua tu. Lakini nilirudi nyumbani nikalia bafuni, maji yakiwa wazi ili watoto wasisikie.

Ni katika hali hiyo nilipokutana na Hobabu.

Waisraeli walikuwa wamekaa chini ya mlima Sinai karibu mwaka mzima. Kisha, mwaka wa pili, mwezi wa pili, siku ya 20 ya mwezi, wingu likainuliwa juu ya maskani, nao wakang'oa kambi. Ukisoma sura ya 9 na ya 10 utaona jinsi safari hiyo ilivyopangwa. Wingu mchana, mfano wa moto usiku. Tarumbeta mbili za fedha za kuwaita watu na kuwaondosha. Kila kabila na zamu yake, Yuda wakitangulia. Sijui kama kuna watu waliowahi kuhama wakiwa na uhakika wa njia kama wale.

Halafu, katikati ya mpangilio wote huo, Musa anamgeukia Hobabu mwana wa Reueli Mmidiani, mtu wa ukweni kwake, anamwambia: twende wote, tutakutendea mema. Hobabu anakataa waziwazi. Anasema haendi, anarudi kwenye nchi yake na kwa jamaa zake. (Nilimpenda kwa jibu hilo. Alisema kwa sauti maneno ambayo mtoto wangu mkubwa ameyafungia moyoni.) Musa hakumwacha. Akamsihi: "Usituache, nakusihi," kwa kuwa Hobabu alijua jinsi ya kupiga kambi jangwani, naye angekuwa kwao "badala ya macho".

Nilirudia mstari huo mara nyingi. Mtu aliyekuwa na wingu la Bwana mbele yake anamsihi mwanadamu awe macho yake! Zamani ningesema hapo imani ya Musa ilipungua, na najua wapo wanaousoma hivyo. Mimi siwezi tena. Biblia haimkemei Musa hata kwa neno moja kwa ombi hilo, na mstari wa 33 unaendelea kusema kwamba sanduku la agano liliwatangulia mwendo wa siku tatu kuwatafutia mahali pa kupumzika. Bwana anatangulia, na Musa anatafuta mwenyeji. Yote mawili yamo katika sura moja, wala moja haliharibu lingine. Wingu liliwaonyesha mahali pa kusimama. Hobabu alijua namna ya kuishi pale waliposimama.

Sasa niwaambie la kwangu, ingawa linaniumiza. Siku ya pili baada ya kufika, jirani alibisha hodi. Mama wa makamo, mpole. Akaniuliza kama kuna jambo lolote tunalohitaji. Nikamjibu nikiwa nimeshika mlango, "Ahsante mama, tuko sawa kabisa." Hatukuwa sawa. Sikujua hata siku ya kutoa taka. Lakini kwa miaka yote mimi ndiye niliyekuwa nikibisha hodi kwa watu na kuuliza wanahitaji nini, na kugeuka kuwa mwenye kuhitaji kulinishinda. Niliita hali hiyo kumtegemea Mungu. Ilikuwa kiburi.

Juma la tatu, mume wangu akiwa safarini, mdogo alipandwa na homa kali usiku. Simu ilinionyesha majina ya hospitali na njia za kufika, lakini haikuweza kuniambia ni ipi yenye daktari saa nane za usiku, wala mlango upi huwa wazi muda huo. Nilimbeba mtoto, nikasimama mbele ya mlango wa yule mama, nikaona aibu kubisha. Nikabisha. Alifungua, akamgusa mtoto shingoni, akachukua funguo. Njiani hakunikumbusha jibu langu la siku ile. Alisema tu, "Hapa kata kulia. Ile kubwa ya mbele imefungwa usiku, usihangaike nayo." Mtoto alitibiwa, tukarudi kumekucha. Tangu usiku huo, nikiomba, namtaja yule mama kwa jina la Hobabu.

Nilisema nitafika sura ya 11. Wengi tunaijua kama sura ya manung'uniko, na kweli watu walinung'unika. Wanakumbuka samaki wa Misri, matango, matikiti, vitunguu, na wanasema samaki wale walikula bure. Bure! Watu waliokuwa wakifinyanga matofali chini ya fimbo. Ndivyo kumbukumbu inavyofanya mtu akichoka na ugeni: inaleta sahani bila fimbo. Mimi nayo imenifanyia hivyo. Nimejikuta nikiwasimulia watoto nyumba ya zamani kana kwamba haikuvuja, na mtaa wa zamani kana kwamba hatukuwahi kupita siku bila kusalimiana na mtu.

Ila naomba tuwe waangalifu hapa, hasa sisi wazazi. Mtoto anayemlilia rafiki aliyemwacha hayumo katika manung'uniko yale. Niliwahi kumwambia wa kati, "Acha kulia, tumshukuru Mungu kwa tulichopewa," nikaona jinsi uso wake ulivyojifunga. Alikuwa hapingi mapenzi ya Mungu. Alimkosa rafiki yake. Siku iliyofuata nilimwomba radhi, tukampigia rafiki simu, wakaongea mambo ya kitoto kwa nusu saa, na usiku ule hakuniuliza tunarudi lini. Kesho yake aliuliza tena. Nami nikamjibu ukweli, kwamba hatujui, na kwamba mimi pia napakumbuka.

Katika sura hiyo hiyo Musa mwenyewe anaelemewa. Anamwambia Mungu hawezi kuwachukua watu hawa wote peke yake, mzigo umemzidi, na kama ndivyo mambo yatakavyokuwa basi afadhali auawe. Hayo ni maneno ya mtumishi wa Mungu, siyo ya mtu aliyerudi nyuma. Na Bwana anamjibu kwa kumpa watu: wazee 70, wauchukue mzigo pamoja naye. Hobabu katika sura ya 10, wazee 70 katika sura ya 11. Mara mbili karibu-karibu, safari ikiwa imeanza tu, mhamaji anahitaji watu, na anayeliona hitaji hilo mara ya pili ni Mungu mwenyewe.

Jibu la pili la Hobabu halikuandikwa. Lakini katika Waamuzi, sura ya 1 na ya 4, tunakuta uzao wa watu wake ukikaa kati ya Waisraeli katika nchi ile, kwa hiyo naamini alikwenda. Wala Musa hakumwomba macho yake bure; alimwahidi fungu katika mema ambayo Bwana angewatendea. Jambo hilo limenisaidia kuondoa aibu. Yule jirani yangu ana mama yake mgonjwa, na tangu juma la tano tunakaa naye kwenye ngazi kila Jumatano jioni tunamwombea. Wawili tu. Sijaliambia kanisa jipya kwamba niliwahi kuongoza maombi, na kwa sasa sina haraka.

Wewe uliyekaa mahali pamoja miaka mingi, nakusihi pia. Jumapili hii tazama benchi la mwisho. Usimwulize mgeni kama anahitaji kitu; wengi wetu tutasema hapana. Mwambie jambo moja unalolijua wewe ambalo yeye hawezi kulijua: njia fupi ya shule, saa ambayo foleni huwa ndogo, zahanati inayofunguliwa usiku.

Tuombe.

Bwana, uliyewatangulia watu wako siku tatu ukiwatafutia pa kupumzika, tunakushukuru kwa hodi ile ya siku ya pili, hata kama hatukuijibu vizuri. Mguse mama wa jirani yetu kitandani pake. Mfundishe mume wangu na mimi kuomba msaada kabla ya usiku wa manane. Na mtoto wetu mkubwa, Bwana, bado hajampata mtu. Jana alikaa dirishani muda mrefu akitazama vijana wa rika lake wakicheza mpira, akiwa amevaa viatu vyake, kamba amefunga, na hakutoka. Mtume mmoja wao aje aite jina lake. Amina.